Achana na hizo kapasita 66 za feni

Simamisha hiyo oda, mkuu. Umesema uko Kigoma, una transfoma ya bango la neoni ya volti 9,000 na miliampea 30, na unataka kuagiza Dar kapasita 66 za feni, kila moja maikrofaradi 1, volti 450, uziunge mfululizo kwa ajili ya koili ya Tesla, ile mashine ya kurusha cheche ndefu hewani. Umeuliza pia mizunguko ya sekondari (koili ndefu inayotoa cheche) na unene wa bomba lake. Kapasita kwanza, maana ndiko pesa inakoungulia.

Kwenye karatasi hesabu yako inapendeza: uwezo unashuka hadi nanofaradi 15, volti zinafika 29,700. Jamaa wa video za mtandaoni wanaishia hapo. Wanawasha sekunde tano, cheche inaruka, msisahau kusabskraibu, kwaheri.

Hizo volti 450 ni za umeme wa TANESCO, unaozunguka mara 50 kwa sekunde. Kwenye koili, kapasita zinachajiwa hadi kilele cha volti 12,700, kisha pengo la cheche (nafasi kati ya vyuma viwili) likiwaka zinajimwaga kwenye praimari, yaani koili fupi ya chini, kwa mkupuo. Chukua praimari ya maikrohenri 30: masafa ni kama kHz 237 na mkondo wa kilele ni ampea 280 hivi. Kwenye mfululizo hazigawani mkondo, kila moja inapitisha ampea zote 280. Kwa maikrofaradi 1 hiyo ni volti 280 kila maikrosekunde, na kapasita ya mota kwa kawaida inavumilia makumi tu.

Pasua moja uone. Ni utepe wa plastiki uliopakwa chuma chembamba mno, na kwenye kingo zake chuma kimepuliziwa ili waya upate pa kushika. Mkondo mkali unakula pale kwenye kingo. Haifi kwa kishindo: uwezo unapungua kidogo kidogo, koili inatoka kwenye tyuni, cheche zinafupika, unailaumu sekondari na kuisuka upya bure. Siku nyingine moja inavimba na kufuka moshi.

Muuzaji atakwambia "hii polipropilini bosi, CBB orijino". Na ni kweli! CBB61, yaani hizo za feni, ni plastiki ya polipropilini, ila ya mota. Ukweli nusu wa namna hii umekula pesa za watu wengi, na hakuna anayerudisha.

Kwa hiyo soma kwanza ampea za kilele na kasi ya volti kwa maikrosekunde, ndipo uangalie volti na faradi. Namba hizo hazipo kwenye karatasi ya data? Rudisha pesa mfukoni.

Inayofaa ni kama 942C20P15K ya kampuni ya Cornell Dubilier: maikrofaradi 0.15, volti 2,000 DC, kilele kinazidi ampea 400. Kumi mfululizo zinakupa nanofaradi 15 na volti 20,000.

Bei ikikushinda, nenda kwa mafundi TV ukachokonoe maiti za TV chogo, karibu na flaibeki (transfoma ya volti kubwa ya TV). Tafuta kapasita zilizoandikwa MKP au CBB81, ambazo ni polipropilini, za volti 2,000. MKT na CL ni poliesta, zinachemka, ziache. Zikiwa za nanofaradi 10, kumi mfululizo zinatoa nanofaradi 1 tu, kwa hiyo unahitaji safu 15 sambamba, jumla 150. Ndiyo, 150. Ndani ya safu usichanganye thamani, maana yenye uwezo mdogo ndiyo hubebeshwa volti nyingi. (Chupa za bia na maji ya chumvi? Chupa moja haifiki nanofaradi 1. Ni kreti nzima, na lazima mtu ainywe kwanza.)

Majedwali ya Wamarekani ni ya Hz 60: kwa transfoma yako yatakuambia rezonansi (pale kapasita na transfoma zinapokuzana volti) ni nanofaradi 8.8. Kwetu ni 10.6. Ukikaa hapohapo volti zinapanda mpaka transfoma inaungua, ndiyo maana nimekupeleka 15.

Kila kapasita ivalishe rezista za kutolea chaji: nne za megaomu 2.7, nusu wati, mfululizo, kwa sababu rezista moja peke yake haihimili volti 1,270 (zile 12,700 gawa kwa kumi). Ukizima, chomoa plagi, subiri nusu dakika, kisha bado ufupishe ncha kwa waya wenye mpini mrefu wa plastiki. Chaji huwa inarudi yenyewe.

Kabla hujatuma hela kwa yeyote, weka hapa picha ya maandishi ya ubavuni, pande zote mbili.