Usivunje kufuli, andika barua

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko dirishani, hatua kama kumi kutoka chumba cha jirani, kwa hiyo niliusikia ule mlio siku nyingi kabla sijajua ni nini. Du, du, du, kisha kimya. Nilidhani mtu anatwanga. Lakini nani anatwanga tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa, tena ndani ya chumba kilichofungwa kwa nje?

Siku niliyochungulia nilimwona mtoto wa miaka kama 11, mwenye mtindio wa ubongo, amekaa kwenye mkeka, mguu umefungwa kwa kipande cha kanga kwenye tendegu la kitanda. Kisogo chake ndicho kilichokuwa kikigonga ukuta. Pembeni kulikuwa na bakuli la ubwabwa, sisimizi wameshalivamia. Mama yake alikuwa amepanga pale miezi mitano na sikuwahi kujua kwamba ana mtoto huyo. Mtaani tulimwita Mama Zuhura. Zuhura ni wa pili. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na huyu wa kwanza hata kwenye jina la mama yake hayumo.

Nilipiga kelele. Watu wakajaa, kijana mmoja akaja na nyundo, kufuli likavunjwa. Tukamfungua mtoto, tukampa maji. Wengine wakapiga picha wakazirusha kwenye magrupu ya WhatsApp, jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu. Jioni mama yake aliporudi alitukanwa mpaka akakaa chini. Kesho yake kulikuwa na kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza, na dirisha limezibwa kwa maboksi. Mlio uliendelea kama kawaida, ila sasa hakuna aliyeweza kuchungulia. Hiyo ndiyo faida ya nyundo yetu.

Mjumbe wa nyumba kumi aliniambia hayo ni ya ndani ya familia. Mwenyekiti wa mtaa alinisikiliza vizuri sana, akatikisa kichwa, akanisindikiza mpaka mlangoni, na ikaishia hapo. Maneno ya mdomo hayana faili.

Aliyenifungua macho ni mteja wangu mmoja, muuguzi, aliyeleta sare zake nizipunguze. Aliniambia nisiende tena pale kuomba huruma. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya 2009, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mitaa ya eneo lake. Sheria hiyohiyo inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna inayomdhalilisha. Na afisa ustawi wa jamii akishapata taarifa, anaweza kumwita anayelalamikiwa, wakae, wazungumze, kisha atoe uamuzi kwa maslahi ya mtoto. Mtu akikaidi, jambo linakwenda mahakamani. Kwa maneno mengine, mlango upo, tena una mwenyewe. Mimi nilikuwa nabisha dirishani.

Nikaandika barua, ukurasa mmoja. Niliandika tarehe na saa nilizosikia mlio, saa mama anapotoka na saa anaporudi, na nilichokiona kwa macho yangu siku ile. Niliacha niliyoambiwa na majirani, kwa sababu mtu mmoja akikanusha la kuambiwa, hata la kweli linachafuka. Niliacha pia matusi, ingawa rasimu ya kwanza ilikuwa nayo. Niliielekeza kwa mtendaji wa kata, nakala kwa afisa ustawi wa jamii, na nikatoa nakala ya tatu yangu mwenyewe, nikaomba ipigwe muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri usiuache. Wiki nzima ilipita bila mtu kuja. Nilirudi na ile nakala yenye muhuri na tarehe, nikaiweka mezani bila kusema neno, na mara hii niliulizwa nyumba iko wapi. Jioni ileile nikapiga 116, namba ya simu kwa ajili ya watoto, ambayo ni bure. Siku ya tatu afisa alikuja.

Nilitegemea kuona mama akipelekwa polisi. Afisa, binti mdogo tu, alivua viatu, akaketi mkekani na yule mtoto karibu nusu saa kabla hajamuuliza mama swali lolote. Ndipo tukasikia yaliyokuwa nyuma ya kufuli. Baba aliondoka mtoto akiwa na miaka miwili, akisema ukoo wao hauna mambo kama hayo. Bibi aliyekuwa akimlea alifariki. Vituo viwili vya kulelea watoto mchana vilimkataa. Mama anauza vitumbua na chai stendi tangu alfajiri, asipokwenda, hawali. Alimfunga mguu baada ya mtoto kujiburuza siku moja mpaka kwenye jiko la mkaa, kovu lipo. Na kwa nini hakuomba msaada? Alisikia kwamba serikali huwachukua watoto wenye ulemavu. Hakuwa amelitoa hewani. Wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino kanda ya ziwa, watoto wengi walipelekwa kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wasalimike, na wapo waliokaa huko miaka bila wazazi kuwatembelea.

Simtetei. Kumfunga mtoto ni kumfunga mtoto. Lakini nikiulizwa mkosaji wa kwanza nitamtaja baba, na nashukuru afisa aliona hivyohivyo: wito wa kwanza ulikwenda kwake, kuhusu matunzo. Amelipa mara chache, kwa kulalamika. Mama aliandikishana na afisa kwamba kamba haitumiki tena, na kwamba afisa atapita bila taarifa. Mtoto akaanza mazoezi ya viungo CCBRT, hospitali inayohudumia watu wenye ulemavu, na baada ya kuzungushwa sana akapata nafasi kwenye shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama Zuhura na wenzake wa stendi wameunda kikundi na kuomba. Bado wanasubiri.

Sasa, haya ya kukaa mkekani yana mipaka yake. Binti mmoja kiziwi katika ukoo wetu aliwahi kubakwa na mtu wa karibu, na wazee wakakaa kikao wakatoza faini. Pesa zikaliwa, mtu akaendelea kuishi palepale. Likifika hapo, usimfuate mjumbe wala mshenga. Nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyebakwa asiogeshwe, nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Omba PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na usiondoke bila RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono ni bora zaidi, kwa sababu daktari, polisi na ustawi mnakutana nao mahali pamoja. Na mkalimani wa lugha ya alama asiwe mtu wa nyumba ileile. Kwa binti yetu, aliyejitolea kutafsiri alikuwa shangazi wa mtuhumiwa. Unaweza kukisia alitafsiri nini. Mtu akikuambia kwamba bubu hawezi kutoa ushahidi, mjibu kwamba Sheria ya Ushahidi inamruhusu asiyeweza kusema kueleza kwa maandishi au kwa ishara.

Kwa mtu mzima aliyetelekezwa au anayeporwa mali yake, 116 haikuwekwa kwa ajili yake. Hapo ushike Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inayotaka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji. Nenda ofisini uulize: kamati ya hapa ina nani? Mimi nilipouliza, walicheka kwanza. Nikauliza tena kwa barua, na majina yakapatikana, mojawapo la mzee mmoja asiyeona ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba ni mjumbe. Siku hizi yeye ndiye anayewasumbua kuliko mimi.

Jumamosi, mama akiwa stendi, kijana wetu anashinda kwangu. Anaitwa Idi. Anapenda mlio wa cherehani. Nikisimama kukata uzi, anagonga meza mpaka niendelee.