Mfunge mbwa, kinda mwache

Mbwa wetu anaitwa Hayakuhusu. Jina alipewa na mke wangu, kwa mtindo wa kwetu Morogoro ambako mbwa hupewa jina ili jirani apate ujumbe wake bila kuitwa kikao. Hapa Minnesota, Marekani, ujumbe haumfikii mtu. Wazungu wanamwita Haya, wanampapasa kichwa, wanaendelea na safari. Ila mwezi wa tano ukiingia, jina linaanza kula mshahara wake: kiota hakikuhusu, mayai hayakuhusu, makinda hawakuhusu, rudi ndani.

Naandika kwa ajili ya wabeba boksi wenzangu, sisi tulio ughaibuni, waliopata nyumba yenye uwanja wa nyuma, wakachukua mbwa kwa sababu watoto wamelia mpaka wameshinda, halafu theluji ikayeyuka na ndege wakahamia bila kuuliza. Huku majira ya kuchipua hayana subira. Aprili unaweza kuamka ukakuta theluji mpya juu ya gari, na wiki mbili baadaye nyasi zinadai mashine. Robini wanarudi kipindi hicho hicho. Robini wa Marekani ni mkubwa kuliko shomoro na mdogo kuliko njiwa, mgongo wa kijivu, kifua rangi ya tofali. Hana woga wa watu. Anajenga kwenye mti akipenda, lakini akiona mfereji wa paa, nguzo ya baraza au taa ya ukutani, anaona amejengewa msingi tayari.

Kwetu alichagua taa ya mlango wa nyuma. Mlango ule ule anaotokea mbwa kwenda kukojoa.

Jike ndiye fundi. Nilisimama na kikombe cha chai nikamtazama akija na nyasi kavu mdomoni, kisha matope, kisha nyasi tena. Matope akishayaweka anaingia katikati, anakandamiza kwa kifua huku anazunguka kidogo kidogo, kama mama anayesawazisha ugali kwenye bakuli. Akitoka, kifua chote kimechafuka. Siku chache tu nyumba imekamilika, na mlango wangu wote umepigwa plasta ya bure.

Mimi, nikiri, nilichukua fagio. Kinyesi mlangoni, mbwa anabweka, mke anafoka. Nikiwa nimeshanyanyua mkono, bibi jirani yetu, mtu mzima wa rika la mama yangu, akaniita kutoka ng'ambo ya uzio akaniuliza kama kuna yai. Lilikuwepo, moja, bluu iliyopauka kama kanga iliyofuliwa miaka. Akaniambia basi umechelewa. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1918 inayolinda ndege wanaohama, na kiota cha robini chenye mayai au makinda hakiguswi. Shomoro wa mjini na kwezi wa Ulaya hawamo kwenye ulinzi huo, kwa kuwa waliletwa na watu, lakini robini yumo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kabla ya yai. Ukiona ndege anabeba nyasi kwenda mahali ambapo mbwa wako hupita, ziondoe mapema, siku ile ile, na kesho yake tena, mpaka atafute pengine. Yai likishatagwa, wewe ni mpangaji kwako.

Mwaka ule wa kwanza nilidhani kazi imeisha kwa kuacha fagio. Sikufikiria mbwa. Niliona kiota kiko juu, Hayakuhusu yuko chini, hana mabawa, basi salama. Makinda wakaanguliwa, wakawa midomo minne ya njano iliyo wazi muda wote. Mzazi anamwaga mnyoo, kinda anageuka na kutoa kinyesi chake kikiwa kimefungwa kwenye kifuko cheupe, mzazi anakibeba na kwenda kukitupa mbali. Binti yangu alipoona hivyo alisema hata nepi zao zina nidhamu kuliko za mdogo wake.

Jumamosi moja asubuhi nikafungua mlango kama kawaida, nikarudi kwenye chai. Mbwa akaingia ametulia mno. Mdomo umefungwa, macho yanatazama pembeni, kama mtoto aliyeficha sukari shavuni. Kando ya mdomo umetokeza mguu mwembamba. Nikamwambia acha! Akaacha, palepale kwenye zulia, kinda amelowa mate lakini yuko hai, anahema.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nililifanya kwa huruma. Nilimtia kwenye boksi la viatu na pamba, nikamloweshea mkate kwenye maziwa, nikamlisha kwa kijiti. Nje, wazazi wake walilia juu ya uzio mpaka giza likaingia. Nilisikia, na bado nilijiona msamaria. Asubuhi alikuwa amekauka. Baadaye nikajifunza kwamba maziwa si chakula cha ndege, na mkate haumpi kinda chochote anachohitaji. Robini hulishwa minyoo na wadudu. Tena kumfuga ndege wa mwituni bila kibali hairuhusiwi hata kama nia yako ni njema. Aliyeshikwa na mbwa au paka anapaswa kupelekwa kwa wahudumu wa wanyama pori siku hiyo hiyo, hata kama huoni jeraha, kwa sababu jino dogo linaacha vijidudu ndani. Hapa kwetu kipo kituo kikubwa Roseville kinachopokea wanyama wa aina hiyo. Nilikuwa kama nusu saa kutoka pale. Sikujua tu.

Lakini hata kabla ya mbwa kumshika, kinda yule hakuwa ameanguka kwa ajali. Hili ndilo linalowapoteza wengi. Makinda wa robini hutoka kwenye kiota kabla hawajaweza kuruka vizuri. Wanashuka chini, wanakaa kwenye nyasi na vichaka siku kadhaa, wazazi wanaendelea kuwalisha hapo hapo. Akiwa amevaa manyoya, kifua kina madoadoa, mkia mfupi kama kidole gumba, anarukaruka na kukutazama kwa dharau, huyo yuko shule. Mwache. Akiwa barabarani, msogeze kichakani na uondoke. Akiwa uchi, au ana vijiti vya manyoya tu, huyo ameanguka kweli. Mrudishe kiotani kwa mkono. Niliambiwa tangu utotoni kwamba ukimgusa kinda mama yake atamsusa. Si kweli. Mama hawezi kuacha uwekezaji wote ule kwa sababu ya harufu ya kiganja chako.

Kwa hiyo mwaka uliofuata niliacha kushughulika na ndege nikashughulika na mbwa.

Nilianza na kalenda kwenye friji. Jike hutaga yai moja kwa siku, kwa kawaida matatu hadi matano. Akimaliza anaatamia siku 12 hadi 14. Makinda wanakaa kiotani siku zipatazo 13 tangu waanguliwe. Chora duara kwenye siku uliyoona yai la kwanza, hesabu mwezi mmoja, hapo ndipo penye hatari. Anza tahadhari siku nne au tano kabla, maana ukiwatisha makinda waliokaribia kukomaa wanaweza kuruka mapema. Faida ya kalenda ni kwamba hutaishi kwa wasiwasi msimu mzima. Una wiki mbili za kuwa mkali, basi. Mtu yeyote mwenye mbwa anaweza kuvumilia wiki mbili.

Wakati wa kuatamia, tatizo ni mbwa anayebweka kwenye kioo cha mlango. Kila akibweka jike anaruka, na mayai yanapoa. Nilibandika karatasi nyeupe kwenye kioo hadi kimo cha mbwa, tukahamia mlango wa mbele. Siku ya kwanza Hayakuhusu alisimama mlango wa nyuma akanitazama kama nimepotea nyumbani kwangu. Siku ya tatu alikuwa amesahau.

Makinda wakikaribia kutoka, mbwa anafungwa kamba hata kwenye uwanja wako mwenyewe uliozungushiwa uzio. Majirani watakushangaa. Waache washangae. Kabla ya kumtoa, mimi hupita kwanza na viatu vya mvua, polepole, naangalia chini ya vichaka, kando ya uzio, nyuma ya mapipa. Ukisikia robini mzazi anapiga kelele kali za kukatakata, tiki-tiki-tiki, kinda yuko karibu na mguu wako, usiendelee. Asubuhi na jioni tunatembea mbali, karibu saa nzima, ili akirudi awe hana hamu ya kitu zaidi ya maji na sakafu. Mbwa aliyechoka ana heshima ambayo mafunzo hayawezi kununua.

Mafunzo nayo yapo, ila yaanze kwenye baridi, si siku kinda ameshuka. Neno moja tu, "acha". Shika kipande cha kuku wa kuchemsha kwenye ngumi, mbwa alambe, anuse, akwaruze, usimpe. Akirudisha kichwa nyuma mwenyewe, sema neno, mpe kipande kingine kizuri zaidi kwa mkono wa pili. Mara kumi kwa siku. Baadaye weka kipande sakafuni, kisha nje, kisha mpira unaobingirika, kisha akiwa ameona sungura. Nilitumia kuku wengi kuliko tulivyokula wenyewe. Neno hilo ndilo lililofanya kinda yule wa kwanza atoke mdomoni akiwa hai, na lilikuwa limefundishwa nusunusu tu. Kumpiga mbwa baada ya tukio, kama tulivyozoea kuona nyumbani, hakufundishi kitu. Anajifunza kumeza haraka.

Na usidhani mbwa ndiye mbabe wa hadithi hii. Mwaka jana dume la robini lilimshukia Hayakuhusu kutoka juu ya mfereji, likampiga kisogoni kwa mabawa, likapanda, likashuka tena. Kilo 28 za mbwa zikaingia chini ya meza ya baraza, mkia katikati ya miguu. Alikaa pale mpaka nilipomtoa kwa biskuti. Kwa siku kadhaa alikojoa akitazama juu.

Kuhusu manyoya. Majira ya kuchipua mbwa anapukutika, unamchana unajaza mfuko. Nilisikia ndege hupenda manyoya kutandikia viota, nikayatundika kwenye uzio, na kweli alikuja chikadii, kale kadogo kenye kofia nyeusi kanakojenga ndani ya matundu ya miti, kakabeba mdomo mzima hadi kakawa na masharubu. Picha nzuri sana. Nimeacha. Mbwa wetu anapakwa dawa ya kupe na viroboto mgongoni, na watafiti wa Uingereza wamekuta mabaki ya dawa za namna hiyo kwenye viota vilivyotandikwa manyoya. Dawa hiyo siwezi kuiacha, kwa sababu huku kupe wa paa, paa yule mnyama si wa nyumba, wanaamka theluji ikiisha tu na wanaeneza ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria, kwa mbwa na kwa mwenye mbwa. Basi manyoya yanaenda kwenye pipa. Ongea na daktari wa mifugo kuhusu dawa inayofaa, na kila mkitoka kwenye nyasi ndefu pitisha vidole ndani ya masikio, kwapani, katikati ya kucha. Ukiwa hapo hapo, kumbuka kwamba maganda ya kakao yanayouzwa kwa kutandaza bustanini ni sumu kwa mbwa, na vitunguu vya maua ya tulip pia, kama wako ni mchimbaji.

Paka wa mtaa sitamzungumzia sana, nitapandisha presha bure. Mwenye paka, mfungie ndani msimu huu.

Mwaka huu walianguliwa wanne. Wanne wakashuka, siku mbili tofauti. Mmoja alikaa chini ya kiti cha plastiki mchana kutwa, baba yake akija na minyoo inayoning'inia pande mbili za mdomo, nami nikiwa nimekaa mlangoni na kamba mkononi, Hayakuhusu kalala miguuni pangu anatetemeka kwa hamu lakini kalala. Bibi jirani alipita akatutazama wote watatu, akatikisa kichwa, akaniletea kiti chenye mto.

Makinda sasa wanaruka hadi juu ya uzio. Kiota cha kwenye taa nilikitoa jana, kikiwa kitupu, na mlango nimeusugua kwa brashi. Leo asubuhi jike ana matope kifuani tena. Safari hii anaenda juu ya banda la gari. Robini huzaa mara mbili, wengine hata tatu, kwa msimu. Nimebandika kalenda nyingine kwenye friji na kutoa kuku kwenye barafu.