Bunduki ya urithi: niitengeneze au niiuze?

SWALI: Marehemu babu ameniachia bunduki ya marisau ya mitutu miwili, yenye nyundo za nje na michoro ya mawimbi juu ya chuma. Kitako kina ufa, na mitutu imeanza kushika kutu. Je, niifanyie matengenezo kamili au niiuze kama ilivyo?

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu msomaji. Kwanza hakikisha kwamba haina risasi ndani, kisha uulize sheria ya silaha inakutaka ufanye nini ili uimiliki kihalali, kwa kuwa uzee wa bunduki peke yake hauiondolei kila mahali hadhi ya silaha. Halafu, nakusihi, usiisugue. Niliwahi kuletewa bunduki iliyosuguliwa kwa msasa mpaka nakshi na jina la mtengenezaji vikafutika, na hakuna fundi awezaye kuvirudisha vikawa vile vya awali.

Mawimbi unayoyaona ni dalili ya mitutu ya Dameski, iliyoundwa kwa fito za chuma na feleji zilizosokotwa pamoja, zikazungushwa kwenye mhimili na kuunganishwa kwa moto na nyundo. Mingi ya mitutu hiyo ilikusudiwa baruti nyeusi ya zamani, si baruti ya kisasa yenye shinikizo kubwa zaidi, na kutu huweza kujificha kwenye maungio hata pale ambapo nje kunang'aa. Usiifyatue hata mara moja kabla fundi bunduki hajapima unene wa kuta za mitutu na kusoma alama za majaribio, yaani za kuonyesha kwamba mitutu ilijaribiwa uimara wake, zilizogongwa upande wa chini, karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Herufi ELG ndani ya duara refu, kwa mfano, ni alama ya Liège, Ubelgiji. Mwombe apime pia urefu wa chemba. Bunduki nyingi za zamani zina chemba ya milimita 65, na risasi ya sasa ya milimita 70 huingia humo bila taabu, kwa sababu urefu huo hupimwa ganda la risasi likiwa limefunguka mdomo wake uliokunjwa. Ikifyatuliwa, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka vizuri na shinikizo hupanda.

Kuhusu fedha, wakusanyaji hulipia zaidi jina la mtengenezaji na hali ya asili kuliko mng'aro mpya. Ikiwa ni kazi ya fundi mashuhuri, matengenezo kamili yasiyo ya kitaalamu yanaweza kuipunguzia thamani. Ikiwa ni bunduki ya kawaida, ambazo zilitengenezwa kwa wingi sana, gharama ya matengenezo huenda ikazidi bei utakayoipata.

Kwa hiyo, kwa maelezo uliyonipa, mimi nisingefanya matengenezo kamili. Ningemwomba fundi auunge ufa wa kitako kwa gundi na kijiti cha ndani kabla haujaenea, ningeizuia kutu kwa mafuta mepesi na kitambaa laini, kisha ningeihifadhi kama kumbukumbu isiyofyatuliwa. Usipotaka kubeba wajibu wa kumiliki silaha, iuze kama ilivyo, pamoja na ufa wake. Lakini kabla ya kukubali bei yoyote, pata tathmini ya maandishi kutoka kwa mtu ambaye mwenyewe hataki kuinunua.