Taa 96 kwa macho, 64 kwa skripti

SWALI: Nina mchoro wa umeme kwenye AutoCAD, programu ya kuchora michoro ya kiufundi. Skripti yangu ya AutoLISP (lugha ya kuandikia amri za AutoCAD) huchagua bloku, yaani alama zilizohifadhiwa kwa jina, zenye jina TAA, kisha huzihesabu kwa sslength. Inatoa 64, ilhali nikihesabu kwa macho napata 96. Nyingine nilizivuta zirefuke. Zimepotelea wapi?

JIBU: Hizo ulizozivuta ndizo za kushuku kwanza. Bloku inayobadilika umbo, ukishairefusha au kuigeuza, AutoCAD huipa jina la siri kama *U23, na kichujio cha jina hakiioni tena. Jina la asili bado lipo kwenye sifa ya bloku iitwayo EffectiveName, kwa hiyo kusanya TAA pamoja na zote za *U, kisha uliza kila moja jina lake:

(vl-load-com)
(defun c:HESABU (/ s i n)
(setq s (ssget "_X" '((0 . "INSERT") (2 . "TAA,`*U*") (410 . "Model"))) i 0 n 0)
(if s (repeat (sslength s)
(if (= (strcase (vla-get-EffectiveName (vlax-ename->vla-object (ssname s i)))) "TAA") (setq n (1+ n)))
(setq i (1+ i))))
(princ (strcat "\nTAA: " (itoa n))) (princ))

Usisahau alama ` kabla ya nyota. Bila hiyo, nyota husomeka kama "herufi zozote", na kichujio kitazoa kila jina lenye U ndani yake.

Idadi ikiwa bado pungufu, tazama taa zilizopangwa kwa ARRAY yenye uhusiano (associative), yaani safu ya nakala zilizofungwa pamoja. Safu nzima ni bloku moja ya siri, na taa zilizo ndani yake ssget, amri ya kuchagua vitu, haizifikii. Hali ni hiyohiyo kwa taa zilizo ndani ya bloku nyingine au ndani ya xref (mchoro wa faili nyingine uliounganishwa na huu). Safu ivunje kwa EXPLODE mara moja tu, kwenye nakala ya faili. Ukivunja mara ya pili, taa zenyewe zinageuka mistari na hazihesabiki tena.

Idadi ikizidi ni hatari kuliko ikipungua, kwa sababu vifaa huagizwa na hakuna anayeshtuka. "_X" hupita faili yote, hata leya (tabaka za mchoro) zilizogandishwa zisionekane, kwa hiyo taa za usanifu wa zamani zilizofichwa huko nazo huingia hesabuni. Taa mbili zilizolaliana mahali pamoja jicho huziona moja; pitisha OVERKILL, amri ya kufuta vitu vilivyorudiwa, kabla ya kuhesabu.