Kwa mkufunzi mpya wa uuguzi: usiiache wodi

Karibu chuoni. Umetoka wodini, umekabidhiwa ufunguo wa chumba cha mazoezi, midoli mitatu ya kufanyia mazoezi ya uuguzi na mtaala mnene, na Jumatatu unaingia darasani. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 13, na yapo mambo ambayo ningeshukuru sana kuambiwa mapema.

Muhula wangu wa kwanza nilifundisha patografu, chati ya kufuatilia mwendo wa uchungu wa kuzaa, kwa siku mbili nzima. Niliichora ubaoni: mstari wa tahadhari unaopanda sentimita 1 ya kufunguka kwa shingo ya kizazi kwa saa, mstari wa kuchukua hatua, mapigo ya moyo ya mtoto kila nusu saa. Wanafunzi walijaza, nikasahihisha, wakafaulu karibu wote. Mwezi mmoja baadaye niliwafuata leba, katika hospitali walikopangiwa mafunzo kwa vitendo. Nilimkuta mwanafunzi wangu hodari kuliko wote anajaza patografu ya mama ambaye mtoto wake alikuwa ameshazaliwa, anatunga mapigo ya moyo ya saa nne zilizopita. Nikamuuliza nani kamfundisha hivyo. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwalimu, hapa ndivyo inavyofanyika."

Nilimwendea muuguzi mfawidhi nikiwa nimefura. Mama yule hakugombana nami. "Mwalimu," aliniambia, "njoo ukae nasi zamu moja ya usiku, halafu ndiyo uandike hiyo ripoti yako."

Nilikwenda. Tulikuwa wauguzi wawili kwa akina mama tisa, na mmoja wao alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Fomu zilikuwa zimefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo tulimpata saa saba usiku. Kulipokucha nilizipitia kazi zangu: patografu mbili nilikuwa nimezijaza mimi, kwa mkono wangu, baada ya mtoto kuzaliwa.

Ripoti sikuiandika. Niliandika maswali, na hayo ndiyo yaliyozaa utafiti wangu wa kwanza. Kumbuka kwamba mistari ile miwili, ambayo watafiti Philpott na Castle waliichapisha mwaka 1972 kutokana na kazi yao huko Harare ya leo, iliwekwa ili mkunga wa kituo cha mbali, asiye na daktari karibu, ajue wakati wa kumpa mama rufaa. Ilikusudiwa kumsaidia mtu mwenye kazi nyingi. Inapogeuka mzigo wa karatasi, ulizia wodi ilivyopangwa kabla hujamlaumu muuguzi. Hata mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020, uliokuja kuchukua nafasi ya patografu, utaishia palepale kama fomu zitabaki kabatini.

Yaliyotokea Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara, nayasoma tena kila mwaka kabla ya kupanga ratiba. Mwaka 2010 wahudumu wa leba walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Miezi saba baadaye walipimwa kwa mdoli, wakafanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini walipotazamwa wakiwahudumia watoto wenyewe, utendaji ulikuwa haujabadilika. Siku moja ya mafunzo, hata yakiwa mazuri, haikufika kitandani. Baadaye mdoli ulipelekwa pale pale kazini, watu wakafanya mazoezi ya dakika chache, wiki baada ya wiki. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Kwa hiyo ufunguo uliopewa usikae mfukoni. Omba ruhusa ya kuupeleka mdoli mmoja wodini, ufike robo saa kabla ya kukabidhiana zamu, na uwaite wauguzi wa pale pamoja na wanafunzi wako. Mwanafunzi humwiga sista anayemwona kila siku kuliko mwalimu anayemwona darasani. Sista huyo ni mkufunzi mwenzako; msalimie, mshirikishe, liandike jina lake kwenye ripoti ya mafunzo.

Kuhusu utafiti: Tanzania kibali cha maadili cha taifa hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, basi anza kukifuatilia mapema. Na ukitaka kuwachunguza wanafunzi wako, usigawe dodoso mwenyewe. Mtu unayemsahihishia mtihani hana uhuru wa kukukatalia. Atatia saini ya ridhaa huku moyoni hataki. Mpe kazi hiyo mtu asiyewafundisha.

Lugha ya dodoso ndiyo iliyonifundisha zaidi. Tulikuwa na swali: "Ulipata uchungu kiasi gani?" Sisi tulikusudia ukali wa maumivu. Siku ya kulijaribu, mama wa kwanza alijibu, "Tangu saa mbili asubuhi mpaka magharibi." Wa pili alisema ni mwingi mno. Wa tatu, aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe kwenye benchi la kliniki, alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Uchungu upi, mwanangu? Wa kuzaa, au wa maneno niliyoambiwa mle ndani?"

Tulirudi chuoni, tukaligawa swali lile kuwa matatu. La tatu ndilo lililojibiwa kwa kirefu kuliko yote.