Gesi ya AC Haiishi, Inavuja: Majibu kwa Maswali Yenu

Joto la Dar es Salaam likianza kupanda, ujumbe kuhusu AC huja kwa wingi. Safari hii na wenzetu wa nyanda za juu wameandika kwamba hita zao hazipashi. Nimejibu yote kwa pamoja kwa sababu ndani ya dashibodi AC na hita vinakaa kwenye boksi moja na kupulizwa na feni moja.

Shikamoo fundi. Nina Toyota IST. Kila baada ya miezi mitatu au minne AC inapoteza ubaridi. Fundi ananijazia gesi, inapoa vizuri, halafu tatizo linarudi. Je, IST zinakula gesi? (Msomaji wa Tabata)

Marahaba. Hakuna gari linalokula gesi ya AC. Petroli inaungua, lakini gesi hii inazunguka tu. Kompresa inaibana, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza mpaka inakuwa kimiminika, ekspansheni valvu inaipitisha kwenye kijitundu chembamba, na ikifika kwenye evapareta iliyo ndani ya dashibodi inachemka na kuvuta joto la kabini. R134a, ambayo ndiyo gesi ya AC ya magari mengi, isipobanwa huchemka kwenye nyuzijoto 26 chini ya sifuri, na hapo ndipo ubaridi unapotoka. Kisha inarudi kwenye kompresa kuanza upya. Mfumo usio na hitilafu hupoteza gesi kidogo sana kupitia mipira na sili, na hupita miaka kabla hujahisi. Ikiisha kwa miezi mitatu, basi pana tundu.

Kinachoniuma ni kwamba umelipa mara kadhaa bila mtu kukutafutia tundu hilo. Gesi haitoki peke yake, inatoka na oili. Kompresa hulainishwa na oili inayotembea pamoja na gesi, kwa hiyo kila unapojaziwa gesi tupu, kompresa inazidi kukauka. Siku itakapojisaga, vumbi la chuma litasambaa hadi kwenye kondensa na valvu, na bei ya matengenezo itakuwa nyingine kabisa.

Mwambie fundi atafute kwanza panapovuja. Aangalie maungio yenye oili iliyoshika vumbi, kondensa iliyopigwa na mawe, sili ya mbele ya kompresa, na valvu za kujazia ambazo mara nyingi hazina vifuniko. Asipoona kitu, ajaze nitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni. Uvujaji mdogo sana unahitaji rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Evapareta ikishukiwa, kifaa cha kunusa gesi kiwekwe kwenye matundu ya hewa kabla ya mtu yeyote kuanza kubomoa dashibodi.

Panapovuja pakishazibwa, draya (kichujio kinachonyonya unyevu) ibadilishwe na hewa ivutwe kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa au zaidi. Kisha pampu izimwe na geji iangaliwe: sindano ikipanda, bado pana tundu au maji. Mwisho gesi ipimwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Nasisitiza mizani kwa sababu geji pekee hudanganya. Gari likiwa limezimwa na hewa ni nyuzijoto 30, R134a husoma karibu psi 97, iwe ndani zimo gramu 200 au 450, mradi kuna kimiminika. Na gesi ikizidi, AC hupoa vibaya vilevile.

Habari ya kazi fundi. Probox yangu yapoa vizuri barabarani, lakini nikikwama kwenye foleni Changamwe yapuliza joto. Naambiwa kompresa imekufa. (Dereva, Mombasa)

Njema, ndugu yangu. Usinunue kompresa bado. Ukienda kasi, upepo wa barabarani unapoza kondensa. Ukisimama, kazi hiyo inabaki kwa feni. Washa AC injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta), fungua boneti utazame: feni ya kondensa inazunguka kwa nguvu, inajivuta, au imesimama? Ikiwa imesimama, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha mota yenyewe, maana brashi zake huisha.

Feni ikiwa nzima, mwagia kondensa maji ya bomba taratibu huku AC inafanya kazi. Ubaridi ukirudi ndani ya dakika chache, shida ni hewa kupita, na hiyo gesi iacheni. Uchafu mwingi hujificha katikati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo mwosha magari hafiki. Maji yapitishwe kutokea upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo, kwa kuwa mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi ya kondensa na kuziba njia kabisa. Kwenu pwani chumvi nayo huyala: ukiyagusa yakaporomoka kama majivu, kondensa hiyo haioshwi tena, inabadilishwa.

Kompresa iliyochoka ina dalili yake kwenye geji injini ikiwa sailensa: upande wa presha ndogo unabaki juu na upande wa presha kubwa unabaki chini, pande mbili zinakaribiana. Mwombe fundi akuonyeshe hilo kabla hujatoa hela.

Zulia la upande wa abiria limelowa na mvua haijanyesha. AC bado inapoa. (Msomaji, Tanga)

Pima kwa pua na vidole. Maji safi yasiyo na harufu ni ya AC. Evapareta hutoka jasho kama glasi ya maji ya barafu, na jasho hilo linapaswa kudondoka chini ya gari kupitia mrija mdogo. Mrija ukizibwa na vumbi au tope, maji yanaingia ndani. Kuuzibua ni kazi ndogo, fanya mapema kabla maji hayajafika kwenye soketi za umeme chini ya zulia.

Yakiwa yanateleza, yana harufu ya utamutamu, na kioo cha mbele kinashika utando wa mafuta, hayo ni maji ya rejeta. Rejeta ndogo ya hita inavuja, na injini yako inapoteza maji. Hilo lisisubiri kesho.

Fundi, huku Mafinga mwezi wa Juni na Julai asubuhi hakukaliki. Hita ya Noah yangu inatoa hewa ya uvuguvugu tu. Mshale wa joto haufiki katikati. (Msomaji, Mafinga)

Hilo la mshale ndilo lililonionyesha njia. Nina hakika karibu yote kwamba themostati ilishatolewa. Gari likichemsha, mafundi wengi huitoa na kuitupa, wakiamini kwamba ni pambo la nchi za baridi. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati huanza kufunguka kwenye nyuzijoto 82 hivi. Kabla ya hapo huyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa ili injini ipate moto haraka. Ukiitoa, maji yanapozwa muda wote, na hita haina joto la kukugawia kwa kuwa hita ya gari hilo haina moto wake, inachota joto la injini.

Hasara haiishii kwenye miguu yako kupata baridi. Kompyuta ya injini ikiona maji hayajapata moto, huongeza petroli. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: injini nyingi zina njia ya pembeni ya maji, na themostati inapofunguka, sahani yake ya chini huifunga njia hiyo. Bila themostati njia inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta kubwa, na gari lililoambiwa "sasa halitachemsha" linaweza kuchemsha likipanda Kitonga na mzigo. Rudisha themostati ya nyuzijoto zilezile za kiwandani, na chanzo cha kuchemsha kule mwanzo kitafutwe.

Kama themostati ipo na ni nzima, injini ikishapata moto shika kwa uangalifu mipira miwili ya hita inayoingia ukutani nyuma ya injini. Yote ikiwa ya moto, maji yanapita vizuri, kwa hiyo chunguza kilango cha ndani kinachochanganya hewa ya moto na baridi, pamoja na kimota chake. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi maana yake rejeta ya hita imeziba, au valvu yake haifunguki kwa magari yaliyo nayo. Kuziba huko huletwa na maji ya bombani yaliyotumika miaka badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta). Yote ya baridi huku injini ni ya moto, angalia kiwango cha maji, hewa iliyonaswa, na pampu. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Mimi ni dereva wa safari ndefu. Nikichoka naegesha, naacha injini na AC ikiwaka, nafunga vioo na kulala. Mke wangu anasema nitakufa. (Msomaji, Dodoma)

Msikilize mkeo, ndugu yangu, nakuomba sana. Gesi ya AC siyo ninayoihofia hapa. Ninahofia kaboni monoksidi ya ekzosi. Haina rangi, haina harufu, na hushika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Gari likitembea, moshi unabaki nyuma. Likisimama, moshi unakusanyika chini na pembeni yake, na ekzosi ikiwa imetoboka au mpira wa mlango umechoka, unaingia ulipolala. Kuchagua hewa ya nje hakukuokoi, kwani tundu la hewa hiyo liko chini ya kioo cha mbele, jirani na injini. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala hawezi kuzitambua. Zima injini, fungua vioo kidogo. Na ndani ya gereji iliyofungwa injini isiwashwe hata kwa dakika chache.

Nina Toyota Aqua. AC imeacha kupoa, fundi wa mtaani anasema ni kazi ya kawaida tu. (Msomaji, Nairobi)

Muulize atatumia oili gani. Aqua ni gari la haibridi: kompresa yake haina mkanda, inazungushwa na umeme wa betri kubwa ya volti 144, na mota iko ndani, imezungukwa na gesi na oili. Inahitaji oili isiyopitisha umeme, ile ya aina ya POE inayoandikwa ND-11. Oili ya PAG ya magari ya kawaida, hata ile kidogo iliyobaki kwenye mipira ya geji, inaweza kuharibu uzuiaji umeme. Hapo kompyuta hugundua umeme unavuja, na gari lenyewe linaweza kukataa kuwaka. Akikosa jibu, au akitaka kushika nyaya za rangi ya machungwa bila kukata umeme wa betri kubwa kwanza, tafuta mwingine.

Halafu usiikalie hiyo AC mbovu. Betri hupozwa na hewa ya kabini inayovutwa kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Kabini ikiwa tanuri, betri nayo inapata joto kupita kiasi, na tundu hilo likifunikwa na mizigo ndiyo mbaya zaidi.

Kuna anayejaza gesi kwa nusu ya bei. Si zote ni R134a? (Msomaji, Mbagala)

Mtungi hauthibitishi kilichomo. Mwaka 2011 mitambo ya makontena ya baridi ililipuka na kuua watu, baada ya kujazwa gesi bandia iliyouzwa kama R134a. Ndani ilikuwa na R40, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Kondensa na evapareta yako ni za alumini. Wengine huweka gesi za jamii ya ile ya kupikia. Zinapoza kweli, lakini evapareta ikivuja, gesi inayolipuka itaingia mnapokaa. Fundi makini ana kifaa cha kutambua gesi, au walau anakuonyesha mtungi uliofungwa na ananunua mahali panapojulikana.

Na gesi ya zamani isiachiwe hewani, inyonywe kwa mashine. R134a haitoboi tabaka la ozoni kama R12 iliyoondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, lakini kilo moja hupasha dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Makubaliano ya kupunguza gesi za jamii hiyo yalifikiwa hapa kwetu Afrika Mashariki, mjini Kigali, Oktoba 2016. Magari mapya zaidi yanatumia R1234yf, nayo haichanganywi na R134a.

AC inaanza vizuri, lakini baada ya saa moja upepo unapungua kabisa ingawa feni inasikika. (Msomaji, Morogoro)

Evapareta inaganda barafu na kuziba hewa. Zima AC, acha feni ikipuliza kwa dakika kumi. Upepo ukirudi, ndiyo hiyo. Anza na filta ya kabini, kwa magari mengi iko nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, na wenye magari wengi hawajawahi kuiona. Ikiwa safi, ipimwe sensa ya joto ya evapareta inayopaswa kuizima kompresa kabla barafu haijashika, kisha kiasi cha gesi.