Kwa anayeanza kuelimisha afya mtaani: peleka kipimo, si onyo

Mhamasishaji mgeni huja na shehena ya maonyo: nawa mikono, chemsha maji, punguza chumvi, pima presha. Watu wanaitikia, kikao kinafungwa, na nyumbani mambo yanabaki vilevile. Usiwaite wakaidi. Maneno hayo wameyasikia tangu shuleni. Ambacho hawajaonyeshwa ni kipimo. Unapoandaa somo, jiulize mtu atafanya nini kwa mikono yake akifika kwake, kiasi gani na kwa muda gani. Ukikosa jibu, ahirisha somo.

Chukua kuhara kwa watoto. Wazazi wengi wanajua habari ya maji ya chumvi na sukari. Mwombe mmoja ayatengeneze hapohapo mbele yako, uone: kijiko kinachotwa kikajaa kichuguu, maji yanakadiriwa kwa macho. Kipimo ni lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimefutwa usawa kwa mgongo wa kisu. Chumvi ikizidi hupandisha sodiamu kwenye damu, na mtoto anaweza kupata degedege. Sukari ikizidi huvuta maji kuingia utumboni, kuhara kukaongezeka badala ya kupungua.

Pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari uliopimwa tayari kwa ajili ya kuhara) zikipatikana, ndizo zitumike. Nazo zina kosa lake: mzazi humimina robo ya unga kwenye kikombe ili pakiti idumu, na hapo hakuna ajuaye nguvu ya alichomnywesha mtoto. Pakiti ya lita 1 inaingia yote kwenye lita 1 kamili. Kwa kuwa ziko pia za ujazo mdogo, wazoeze watu kusoma maandishi kabla ya kuchana. Kinachobaki baada ya saa 24 kinamwagwa.

Kila baada ya choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, taratibu. Sema mapema kwamba maji haya hayaletwi kuzuia kuhara, yanarudisha yaliyopotea. Mzazi asiyeambiwa hivyo ataona choo hakijakoma hadi jioni, aseme dawa imeshindwa, aache. Kinachosaidia kufupisha kuhara ni zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, chini ya miezi 6 ni miligramu 10. Utakutana pia na bibi anayeamini kwamba mtoto akinyimwa maji tumbo litakauka. Mpinge kwa adabu, tena mpe yeye kazi ya kuchanganya, maana huenda ndiye anayeshinda na mtoto. Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikirudi polepole, mtoto akilegea, akishindwa kunywa au akitoa damu kwenye choo, safari ni ya kituo cha afya, na anayeweza kumeza aendelee kunyweshwa njiani.

Kwenye presha, kosa kubwa la wageni ni kusema: "Ukiumwa kichwa, kapime." Umeshawaaminisha wasioumwa kwamba wako salama, ilhali presha ya juu kwa kawaida haina dalili. Ndiyo maana pia wengi huacha dawa wakijisikia vizuri. Na ukipewa mashine, usiwapime watu waliotoka kupanda mlima dakika hiyohiyo. Mtu akae dakika 5, kibofu kitupu, bila sigara wala kahawa nusu saa kabla. Mgongo uegemee, nyayo zikanyage chini, miguu isipishane, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta, na uwe saizi ya mkono wake; mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Asiongee, na wewe usimsemeshe (wengi wetu hapa ndipo tunapoharibu). Pima mara mbili, dakika moja au mbili katikati. Usomaji mmoja wa 140/90 haumfanyi mtu mgonjwa. Ukijirudia siku nyingine, mwelekeze kwa daktari. Ila 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kupooza upande mmoja au kushindwa kuongea ni dharura ya saa hiyohiyo. Dawa za mtu usiziguse kwa ushauri: kupunguza na kubadilisha si kazi yako.

Maji ya kunywa nitayapitia haraka. Yakichemka kwa nguvu dakika 1 yanatosha, na dakika 3 kwa wanaoishi juu ya mita 2,000. Wanaotumia dawa ya klorini wafuate kipimo cha kwenye chupa na wangoje dakika 30. Maji yachujwe kwanza, kwa sababu tope humaliza nguvu ya klorini kabla haijafika kwa vijidudu.

Kuna hatari mbili zinazosahaulika sana kwenye ratiba za semina. Mafuta ya taa yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa asitapishwe, maana yakirudi juu huingia mapafuni. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa kulala hata likiwa halitoi moshi: kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na aliyelala hashtuki.

Wiki moja baadaye pita nyumba kwa nyumba, lakini usiulize "Mnatibu maji?" Utajibiwa ndiyo kila mlango. Omba maji ya kunywa, uangalie: yametoka kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, au kikombe na vidole vimezama pamoja ndani ya ndoo? Kwa mzazi, omba tena lita ya chumvi na sukari, uhesabu vijiko kimya. Andika ulichokiona, nyumba kwa nyumba. Kosa linalojirudia kwenye nyumba nyingi ndilo somo la kikao kijacho.